Rakoni haitakuunguza: mlinde fundi dhidi ya betri, radi na bahari

Swali: Mimi ni fundi umeme. Baada ya miaka minne ya kupanda minara ya simu nimehamishiwa kitengo cha alama za uongozaji meli. Mwezi wa kumi tunatakiwa kufunga rakoni mpya (kifaa kinachojibu rada za meli) pamoja na kifaa cha AIS (kinachozitangazia meli kwa redio utambulisho wa alama na mahali ilipo) juu ya mnara wa taa wa zamani ulioko kisiwani, mwambao wa Tanga. Umeme utakuwa wa sola. Wenzangu wananiambia rakoni ina mionzi mikali kuliko mnara wa simu, na kwamba mafundi wa zamani walikosa watoto kwa ajili yake. Nijilinde vipi? Na ni mambo gani ya usalama ambayo mtu aliyetoka kwenye minara ya simu huwa hayajui?

Jibu: Mdogo wangu, hofu ya mionzi nimeikuta karibu kila mnara niliopanda, na siidharau. Ubaya wake ni kwamba fundi akiimaliza hofu yake yote kwenye rakoni, anashika betri kama anashika tofali. Kwa hiyo tulimalize hilo kwanza.

Rakoni hairushi mawimbi muda wote kama mnara wa simu. Imekaa kimya inasikiliza. Rada ya meli ikiipiga, inajibu kwa masafa yale yale ya rada, na jibu hilo nahodha analiona kwenye kioo chake kama herufi ya Morse (ya nukta na vistari), inaanzia nyuma kidogo ya alama ya mnara na kunyooka kuelekea nje. Masafa yake ni mawili: megahezi 2900 hadi 3100, na 9300 hadi 9500. Nguvu ya rakoni za kisasa iko kwenye kiwango cha wati moja hivi, tena kwa vipande vifupi mno vya sekunde. Kipimo kamili utakikuta kwenye kitabu cha kifaa chako. Simu za GSM tulizokuwa tukibana sikioni ziliruhusiwa kufika wati 2. Kifaa cha AIS kina nguvu zaidi, kinaweza kufika wati 12.5, lakini nacho hutuma ujumbe wake wa alama kila baada ya dakika 3 na kila ujumbe ni kufumba na kufumbua. Zima vyote viwili unapokuwa na mkono juu yake, kaa mita mbili kutoka antena ya AIS inapokuwa hewani, na usiwashe AIS kabla antena haijaunganishwa, maana utakiua kifaa. Inatosha.

Ulizia badala yake kuna nini kingine juu ya mnara huo. Minara mirefu ya pwani siku hizi imekodishwa kwa kampuni za simu, na mingine ina rada ya bandari. Rada ya meli ya kawaida hupiga kilowati 25 kwenye kilele, nayo ni mara elfu ishirini na tano ya hiyo rakoni unayoogopeshwa. Kama kuna antena ya rada inayozunguka karibu na utakapokaa, izimwe, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako mpaka ushuke. Hapo usikubali neno la mdomo.

Na nadhani najua hofu ya wazee ilitoka wapi. Zamani alama za redio baharini zilikuwa mitambo ya masafa ya kati, na baadaye nchi nyingi zikatumia kilohezi 283.5 hadi 325 kurusha masahihisho ya GPS. Marekani ilikamilisha kuzima mitambo yake ya namna hiyo mwaka 2020. Kwenye mitambo ile, shina la antena hubeba volti maelfu, na kuligusa ni kuungua nyama. Ukikuta kibanda cha mtambo wa namna hiyo kisiwani, hata kama kimeachwa, usifungue chochote kabla hujahakikisha umeme umekatwa na kapasita zimemaliza chaji yake. Lakini usichanganye mtambo huo na rakoni.

Sasa tuje kwenye mambo yanayoua kweli.

La kwanza ni bahari, kwa sababu wewe umezoea kufika kazini kwa gari. Umesema mwezi wa kumi, na hapo waliopanga wamepanga vizuri: kusi limekwisha, kaskazi halijaanza, ni maleleji. Ila mvua za vuli zinaweza kukukuta. Angalia pia mwezi uko wapi. Pwani yetu wakati wa bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne asubuhi ni kupwa. Utafika kisiwani ukute mwamba mtupu, boti imesimama mbali, na nyinyi mnabeba betri juu ya matumbawe yanayoteleza. Maji mafu ni kinyume: kujaa kunaangukia saa nne asubuhi hivi na mkondo ni mpole. Tatizo la maji mafu ni kwamba kujaa kwenyewe si kukubwa, na visiwa vingine mwamba wake ni mpana hata boti haivuki. Hilo halimo kwenye jedwali la maji. Muulize mvuvi anayelala kisiwa hicho, umwambie uzito wa mzigo wako, akupe siku. Kisha boti isiondoke. Nimeona boti ikirudi bara «kidogo tu» kuchukua mafuta, na juu ya mnara kuna watu wawili. Siku hiyo hakuna aliyeumia, na bado mpaka leo naihesabu kuwa siku mbaya.

Uzito wa mzigo unaanzia kwenye hesabu ya umeme, kwa hiyo ifanye mwenyewe hata kama umepewa tayari. Tuseme rakoni, AIS na kidhibiti chaji kwa pamoja vinakula wati 5. Kwa saa 24 ni wati-saa 120, yaani ampea-saa 10 kwa mfumo wa volti 12. Ukitaka mnara ustahimili siku 10 za mawingu mazito bila kuchaji, ni ampea-saa 100. Na kwa kuwa betri ya risasi haitakiwi kushuka chini ya nusu, unahitaji 200. Betri moja ya ampea-saa 200 ina kilo 60 hivi. Ngazi za minara ya zamani ni nyembamba na zimejipinda. Kilo 60 hapo ni mgongo wa mtu kuvunjika. Nunua mbili za 100. Paneli ya wati 100 itatosha kwa mzigo huo hata ikiwa na vumbi la chumvi na kinyesi cha ndege. Itazame kaskazini, na ingawa tuko karibu na ikweta usiilaze kabisa: mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ndio unaoruhusu mvua kuiosha.

Betri hizo zikichaji hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Hata zile zilizozibwa zina vali ya kupumulia. Sasa fikiria chumba cha mnara: kuta nene, dirisha limepigwa misumari kuzuia popo, jua limepiga toka asubuhi. Gesi hii ni nyepesi kuliko hewa, inakusanyika juu, kwa hiyo tundu la chini peke yake halisaidii. Toboeni la chini na la juu. Ukifika siku yoyote ya matengenezo, fungua mlango, kaa nje robo saa, ndipo uingie, na sigara ibaki botini. Vua pete na saa ya chuma. Funga mpini wa spana kwa tepu ya umeme ubaki mdomo tu, maana spana ikilala kati ya ncha mbili za betri ya volti 12 haikurushi, lakini inapitisha ampea zaidi ya elfu na inayeyuka mkononi. Watu wa umeme wa nyumba hudharau volti 12. Hapa kinachounguza ni ampea.

Mpangilio wa kuunganisha: betri kwenye kidhibiti chaji kwanza, paneli baadaye. Paneli ifunike kwa shuka zito wakati unafunga nyaya zake, kwa kuwa haina swichi. Jua likiwepo ina umeme. Ncha chanya ya betri huunganishwa kwanza na hasi mwisho. Kufungua ni kinyume.

Mnara wenyewe haufanani na ule wa simu. Wa simu ni chuma unachokijua, una mahali pa kuning'inia palipopimwa. Mnara wa taa unaweza kuwa na miaka mia na zaidi. Ule wa Chumbe ulijengwa mwaka 1904, na mwambao wote una ndugu zake wa umri huo. Reli ya roshani inapendeza, imepakwa rangi kila mwaka, na ndani imekuwa unga wa kutu. Usifunge mkanda wako wa usalama kwenye reli. Zungushia kombeo la kunyanyulia mizigo kwenye kiini cha mnara, au piga nanga zako mpya, yaani bolti za kujifungia, kwenye zege lililo zima na uzivute kwa majaribio kabla hazijakubeba. Tumia kamba mbili za kujifungia ili wakati wowote moja iwe imeshika. Na kabla ya mtu kupanda, mjibu swali hili mkiwa chini: mwenzetu akianguka akaning'inia amezimia, nani anamshusha, kwa kamba ipi? Mtu aliyening'inia bila fahamu hana muda mrefu, ni dakika, na hospitali iko ng'ambo ya maji. Fanyeni zoezi la kumshusha mkiwa bara, angalau mara mbili.

Ndani ya taa ya zamani kuna vitu ambavyo hujawahi kuvikuta. Lenzi kubwa za vioo vya kale mara nyingine huelea juu ya birika la zebaki ili zizunguke kwa urahisi. Ukiona kimiminika kinachong'aa kama fedha, au matone yake sakafuni, toka, fungua madirisha, na kazi isimame mpaka aje mtaalamu wake; mvuke wa zebaki hauna harufu. Lenzi hiyo hiyo hukusanya jua la mchana kama kioo cha kukuza na inaweza kuwasha nguo au kuyeyusha ganda la waya wako mpya, kwa hiyo vuta pazia lake kabla ya kuanza. Rangi nyekundu ya chini kwenye vyuma vya zamani aghalabu ni ya risasi: ikwangue ikiwa imeloweshwa, ukiwa na barakoa, usiipige msasa mkavu. Halafu manyigu na nyuki. Usicheke, kwenye ngazi ya mita ishirini kundi la nyuki ni ajali kamili. Kagua siku moja kabla.

Radi. Mnara mweupe peke yake katikati ya maji ndio mwaliko wa radi kwa eneo zima. Rakoni isiwe kitu cha juu kabisa. Fimbo ya kinga iipite, na kifaa kikae ndani ya hema la nyuzi 45 linaloshuka kutoka ncha ya fimbo hiyo. Fimbo iwe nyembamba ili isizibe mawimbi. Shida kubwa ni chini. Kwenye udongo mwekundu wa bara unachimbia fimbo ya shaba na kupata ukinzani wa omu chache. Kwenye mwamba mkavu wa matumbawe utachimba mpaka jioni na kipimo kinakataa. Dawa yake ni kupeleka utepe wa shaba hadi sehemu isiyokauka hata maji yanapokupwa na kuufunga kwenye bamba la shaba lililozikwa kwenye mchanga wa chumvi. Omu 10 au pungufu, ridhika. Unganisha kwenye utepe huo kila chuma: ngazi, fremu ya paneli, bano la rakoni, boksi la betri, ili radi ikipiga visiwe na volti tofauti kati yake. Weka vizuia mshtuko wa umeme kwenye waya wa paneli na kebo ya antena. Na wewe ukisikia ngurumo, hata ya mbali, shuka. Usirudi juu mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kutu nakugusia kwa haraka kwa sababu unaijua, ila hii ni kali kuliko ya bara. Bolti ziwe za chuma cha pua daraja 316, na pale zinapokutana na alumini ya kifaa weka washa za nailoni na grisi ya kuzuia kuganda, la sivyo alumini italiwa kama sabuni. Kila kebo inapoingia kwenye boksi iingie kwa chini na iache kitanzi kinachoning'inia ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye mdomo. Viungio vya antena vizungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, juu yake tepu ya kawaida. Kazi hii ya dakika ishirini ifanye kwa roho yote. Alama za daraja la kwanza, yaani zile muhimu zaidi kwa meli, zinatakiwa ziwe zinafanya kazi asilimia 99.8 ya muda, na kipimo kinachukuliwa kwa miaka mitatu: ukipiga hesabu unaruhusiwa saa 52 na nusu tu za kuzimika. Kiungio kikiingia maji Julai, kusi likiwa limekaza na boti haivuki, saa hizo zinaisha kabla hujapata siku ya kwenda.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hukuuliza, nalo ndilo hasa lililonifanya nikae kuandika. Kwenye mnara wa simu ukikosea, watu wanakosa mtandao. Hapa ukikosea, nahodha anakuamini usiku na kupeleka meli juu ya mwamba.

Rakoni inahitaji kuona bahari. Ukiwa na mnara wenye kifaa mita 25 juu ya maji na meli yenye rada mita 16 juu, chukua vipeuo vya pili vya urefu huo, 5 na 4, jumlisha, zidisha kwa 2.2: unapata maili 20 za baharini. Mashua ya uvuvi yenye rada mita 4 juu itakuona kwa maili 15. Hizo ni hesabu za bahari iliyo wazi. Niliwahi kuitwa kwenye mnara ambao rakoni ilifungwa ubavuni, kwenye roshani, kwa sababu ilikuwa rahisi kuifikia kwa matengenezo. Waliijaribu kwa boti waliyokuja nayo, upande wa gati, ikajibu vizuri, wakasaini. Kuba la chuma la taa lilikuwa limeziba upande wote wa pili, nao ndio upande meli zinaingilia. Kwa miezi kadhaa ramani iliahidi alama ambayo nahodha wa kutoka bahari kuu hakuwa akiiona. Kwa hiyo ipandishe juu ya kuba ukiweza. Ukilazimika kuiweka ubavuni, chagua mwenyewe upande wa kuzibwa uwe ule wa nchi kavu, uuandike kwa nyuzi za dira, na uwape wachora ramani. Simamisha bano kwa pimamaji, wima kabisa. Hakikisha pia bano na kebo havikati mwanga wa taa yenyewe. Ukitengeneza giza jipya kwenye taa ili uweke rakoni, hujamsaidia mtu.

Herufi ya Morse usijichagulie. Hupangwa na ofisi, nayo kwa kawaida huanza na kistari, kwa kuwa nukta ya kwanza inaweza kudhaniwa kuwa chombo kingine. Herufi D imetengwa kwa hatari mpya, kama meli iliyozama jana. Ukikuta kifaa kimetoka kiwandani na D, usikiwashe hata kwa dakika moja ya majaribio.

Kwa AIS, namba yake ya utambulisho ina tarakimu 9: huanza na 99, kisha namba ya nchi, kwa Tanzania 674 au 677 na kwa Kenya 634, kisha 1 kwa alama inayosimama kweli mahali pake. Haibuniwi, iombwe mapema. Mahali pa mnara upime mwenyewe kwa GPS ukiwa juu yake. Usinakili kutoka ramani ya zamani: ramani nyingi za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani uitwao Arc 1960, na tofauti yake na WGS 84 inayotumiwa na GPS hapa kwetu inafika mita 300. Ukiingiza namba hizo, mnara utaonekana kwenye kioo cha meli mita 300 kutoka ulipo, na mnara wa rada na mnara wa AIS vitakuwa viwili.

Kabla ya kuwasha, tangazo kwa mabaharia liwe limetoka. Bandari yako italitoa kwa eneo lake, na onyo la masafa marefu hupitia NAVAREA VIII, eneo la maonyo ya baharini linaloratibiwa na India na kushuka mpaka latitudo 10°30' kusini, karibu na mpaka wetu na Msumbiji. Nahodha akiona herufi ngeni kwenye rada bila kuambiwa atapoteza dakika za kukisia, na hizo dakika anazihitaji kwa kazi nyingine. Hata kuzima taa kuu ili ufanye kazi salama kunahitaji taarifa, na iwe imerudi kabla ya jua kuzama. Andika saa ya kushuka kwenye mpango wako wa kazi, isiwe «tukimaliza».

Mwisho omba boti ya rubani wa bandari, ile yenye rada ya masafa yote mawili kama ipo, izunguke kisiwa kwa umbali wa maili tatu au nne hivi. Kila nyuzi 30 simameni, andikeni kama herufi imeonekana, imekamilika, au imekatika. Rakoni hupumzika kwa makusudi kila baada ya sekunde kadhaa ili isifunike vyombo vilivyo nyuma yake, kwa hiyo mkikosa jibu subirini dakika nzima kabla ya kuandika «haionekani». Pimeni tena mkiwa mbali, njia ya kuingilia bandari. Karatasi hiyo ya vipimo ndiyo iende kwenye jalada pamoja na picha ya bano na kipimo cha omu, na nakala ibaki ndani ya boksi la betri kwenye mfuko wa nailoni, kwa ajili ya fundi atakayepanda baada yako. Ukiipata, niletee. Nitaangalia kwanza upande wa mashariki, zinakotokea meli.